Jicho limeona, au sikio limesikia?

Mwaka wangu wa kwanza kwenye chumba cha macho, hapa Mbeya, nililetewa binti wa mwaka mmoja na nusu. Nikamziba jicho la kulia kwa kiganja, nikachezesha funguo pembeni yake. Kichwa kikageuka upesi. Nikaandika kwenye kadi: jicho la kushoto linafuata vizuri. Daktari mkubwa aliyekuwa nyuma yangu akauliza tu: "Jicho limeona, au sikio limesikia?" Nikarudia kwa kifundo cha uzi mwekundu wa kufumia, kimya kabisa. Jicho la kushoto halikusogea.

Wazazi wengi hudhani midoli iliyo mezani kwangu ni ya kubembelezea. Kubembeleza ni nusu tu ya kazi. Mtoto wa miaka 2 hanisomei herufi za ukutani, kwa hiyo anachokitazama, na kwa jicho lipi, ndicho kipimo chenyewe. Sauti naitumia kumwita, akishageuka, nanyamazisha.

Siku hizi naziba kwa kidole gumba, vidole vingine vikiwa vimetulia juu ya kichwa chake kama ninampa pole. (Mwezi wa 7 pasha mikono kwanza. Baridi ya huku haina utani.) Akitulia ukiziba la kushoto, kisha akapiga kelele na kukusukuma mkono ukiziba la kulia, usimwite mkaidi: huenda umemziba jicho analolitegemea. Hapo nawaza jicho vivu, yaani lile ambalo ubongo umezoea kutolitegemea, na hilo halitaki kusubiri, maana kadiri mtoto anavyokua ndivyo tiba yake inavyokuwa ngumu.

Kwa makengeza, tochi peke yake hainitoshi. Mtoto anaweza kuukodolea mwanga bila jicho kujikaza, na yapo makengeza yanayojitokeza pale tu jicho linapojitahidi kuona kitu kidogo cha karibu. Ndiyo maana nimebandika picha ya kifaranga kwenye kijiti cha aiskrimu. "Mdomo wake uko wapi, baba?" Akiutafuta mdomo, nami nimepata ninachotaka. Kwa sekunde chache tu, kwa hiyo mfukoni nina vijiti vingine vitano.

Simu nayo inasaidia, tatizo ni mahali inapowekwa. Mama humshikisha mtoto katuni karibu na pua, lenzi ya jicho ikajikaza, na vipimo vya miwani vikapotoka. Naomba simu ishikwe na bibi, mwisho kabisa wa chumba.

Ombi lingine kwa wazazi: msimtishie kuwa daktari atamchoma sindano. Koti jeupe nimelivua, kisha neno moja la mlangoni linanirudisha nyuma nusu saa.

Matone ya kupanua mboni huja mwisho kabisa, baada ya kila kisichouma. Simwambii hayaumi, namwambia yatawasha kidogo, kama sabuni. Alale, afumbe macho, nadondoshea kwenye kona ya ndani karibu na pua, kisha muuguzi anapitisha bajaji ndogo ya plastiki juu yake. Akifumbua aione, tone linaingia lenyewe. Baada ya hapo ni kusubiri kama dakika 40 kwenye benchi, kitenge cha mama kikimkinga jua.

Bajaji ya kwanza ilishaenda Tukuyu na mgonjwa. Hii ni ya tatu.