Kiangazi Ssese: ziwa halijalala, acheni kudanganyana

Kazi yangu ni kupeleka wageni visiwa vya Ssese, huku Ziwa Victoria upande wa Uganda, na kila mwezi wa sita ukikaribia simu zinaanza, "kaka, sasa ni kiangazi, ziwa limetulia, si tupande tu mtumbwi pale mwaloni Kasenyi, karibu na Entebbe, tusisubiri meli?" Hapana. Nimelisikia hilo kwa watu wa Kampala, wa Mbarara, mpaka wanaotoka Nairobi, na naomba tulimalize maana hili linaua watu.

Kiangazi chetu huku kinakuja mara mbili, Desemba mpaka Februari halafu Juni mpaka Agosti. Kukosa mvua si kukosa upepo jamani! Juni mpaka Agosti ndiyo zile pepo za kusini mashariki zinavuma sana, zinatokea upande wa Tanzania zinavuka ziwa lote kuja kwetu, na Ziwa Victoria lina kilomita za mraba kama 68,800, kwa hiyo upepo unasukuma maji masafa marefu kabla ya kugonga kisiwa chochote na wimbi likifika huku kaskazini limeshakua. Ni miezi hiyo hiyo ambayo maji ya juu na ya chini ya ziwa yanachanganyika kwa sababu ya huo upepo na ubaridi, sasa wewe niambie ziwa linalokorogwa mpaka chini limetulia wapi? Tatizo ni kwamba mtu anasimama bandarini asubuhi, anaona maji yamenyooka, anasema si unaona. Pale umekingwa na nchi kavu bwana. Ukitoka nje kwenye maji ya wazi ndiyo unakutana na ziwa lenyewe, na hapo mtumbwi umejaa watu, magunia na kreti za soda, na laifu jaketi zimekaliwa badala ya kuvaliwa.

Kwa hiyo mimi nashauri hivi na sibadilishi: panda meli ya MV Kalangala kutoka bandari ya Nakiwogo, Entebbe, ikiwa inafanya kazi, huwa inaondoka saa nane mchana na kufika Lutoboka, kisiwa kikubwa cha Bugala, baada ya masaa matatu na nusu hivi. Haipo? Zunguka na barabara hadi Masaka, ushuke Bukakata uvuke na feri hadi Luuku, hapo hapo Bugala, safari ya majini ni fupi na feri ni bure. Ndiyo utachelewa, chelewa. Na kabla ya kuondoka angalia utabiri rasmi wa hali ya hewa ya ziwa, usimuulize mwenye mtumbwi anayesubiri nauli yako.

Wengine wanalalamika "ulisema kiangazi mbona imenyesha". Kalangala, wilaya yenye visiwa hivi, ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi Uganda, mvua inapungua tu, haiishi. Ziwa linajitengenezea mvua yake, usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu inakutana katikati inapanda juu, basi radi na ngurumo usiku mpaka asubuhi. Beba koti la mvua, na sweta pia.

Jua: Bugala iko karibu kabisa na ikweta, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ule upepo unakupoza ngozi usijue unaungua. Vaa kofia. Chandarua nacho hakina likizo, mbu wapo mwaka mzima.

Halafu kichocho, eti kiangazi maji ni masafi. Konokono wanaokibeba wanakaa kwenye maji ya kina kifupi karibu na majani mwaka wote, na vijidudu vinatoka kwa konokono mwanga wa jua ukiwaka, hasa mchana, yaani saa ile ile mnayopenda kuogelea. Kama uliingia majini usikimbilie kumeza dawa kesho yake, ile inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inabaki hai. Subiri wiki sita mpaka nane hivi, nenda kapime, mwambie daktari wazi kwamba ulioga ziwani, asipojua atakupima malaria peke yake.