Lupasi: kinga haijapungua, imepotea njia

"Ana ugonjwa wa kinga." Sema hivyo mbele ya majirani, uone wanavyotazamana. Lugha yetu yenyewe inachangia: UKIMWI ni upungufu wa kinga mwilini, hivyo ukitaja kinga, akili za watu hukimbilia huko. Mdogo wangu ana lupasi, mwaka wa sita huu, na hilo ndilo tulilolisafisha kwanza nyumbani. Lupasi haiambukizi, mlale kitanda kimoja au mle sahani moja. Kinga yake ipo, ila imeacha kutofautisha mgeni na mwenyeji: kingamwili zilizopaswa kupambana na vijidudu zinashambulia figo, viungo na ngozi yake mwenyewe.

Dhana ya pili inaniumiza zaidi kwa sababu huletwa na wanaotupenda: "Mpeni dawa ya kuongeza kinga." Chupa za kila aina zimeingia mlangoni kwetu. Dawa halisi za lupasi zinaituliza kinga. Mlinzi anayempiga mwenye nyumba humwongezei rungu.

Halafu kuna kaswende. Baadhi ya wagonjwa wa lupasi wana kingamwili zinazodanganya vipimo vya VDRL na RPR, vikasoma chanya na kaswende haipo. Fikiria mama mjamzito anavyorudi kwa mumewe na jibu hilo. Kabla ndoa haijavunjika, aombe kipimo cha kuthibitisha, kama TPHA.

"Mbona unameza dawa ya malaria kila siku?" Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, ile iliyotuwasha mwili mzima kabla Tanzania haijaiacha kwa malaria mwaka 2001. Kwenye lupasi hupunguza milipuko ya ugonjwa, na hata mjamzito kwa kawaida huendelea nayo. Macho tu yapimwe, maana ikitumika miaka mingi inaweza kudhuru retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Prednisoloni, dawa inayofanana na kotisoli, homoni ya mwili wenyewe, nayo huvimbisha uso, na wengi huiacha kwa aibu. Kuiacha ghafla ni hatari, kwa kuwa mwili uliozoea vidonge huwa umepunguza kujitengenezea homoni hiyo.

Saa sita mchana, hakuna wingu, mdogo wangu anatembea na mwavuli. Wanasema anaringa. Jua huamsha lupasi. Baka lake la mashavuni halikuwa jekundu kama la kwenye picha za vitabu; lilikuwa la zambarau iliyokolea, nasi tukamgombeza kwamba ni mkorogo umemchoma. Miezi ikapita hivyo, huku mkojo wake ukitoka na povu. Lile povu lilikuwa protini inayovuja kutoka kwenye figo.

"Si haina tiba? Basi mwacheni." Tiba ya kuimaliza bado, lakini watu wanaitafuta. Belimumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, dawa mpya ya kwanza ya lupasi baada ya zaidi ya miaka 50. Anifrolumabu ikafuata 2021. Huko Erlangen, Ujerumani, daktari Georg Schett na wenzake huchukua seli T za mgonjwa, aina ya askari wa kinga, huzibadilisha maabara ziwinde seli B, zile zinazozaa kingamwili potofu, kisha humrudishia. Mwaka 2024 waliripoti wagonjwa wanane wa lupasi kali: wote walitulia bila dawa. Ni wachache, na matibabu yenyewe ni ghali mno. Mdogo wangu alinifanya niisome habari hiyo mara mbili, kisha akachukua kikopo chake. Ilikuwa siku ya kupeleka mkojo, kama kila baada ya miezi mitatu.