Dhana potofu kuhusu zebaki ninazozisikia kila ninapokwenda mialoni

Kila ninapofika kwenye mialo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, yaani sehemu za kuchenjulia dhahabu kutoka kwenye mawe yaliyosagwa, kupima afya za wachenjuaji, hakosekani mzee mmoja wa kunipokea kwa onyesho lilelile. Humimina zebaki kutoka kwenye kichupa, akaiacha iviringike kiganjani kama shanga za fedha, kisha akauliza: "Daktari, hii mekyuri naishika tangu ujana wangu, mbona sijafa?" Vijana wanaomzunguka hucheka, nami hujua kwamba somo la siku hiyo limeshaharibika. Nimechoka kulijibu swali hilo juani, kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi.

Kuhusu kiganja chake, mzee anasema kweli. Zebaki ya majimaji hupenya ngozi kwa kiasi kidogo sana, na hata mtu akiimeza kwa bahati mbaya, karibu yote hutoka na choo. Anakosea anapodhani kwamba njia aliyoijaribu yeye ndiyo njia pekee ya sumu hiyo kuingia mwilini. Zebaki hutoa mvuke hata katika joto la kawaida, na ikipashwa moto hadi nyuzi 357 za Selsiasi huchemka kabisa. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na takriban asilimia 80 ya ule unaovutwa mapafuni huingia kwenye damu, ukafika hadi kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito ukavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Sasa mtazame mzee huyohuyo jioni. Akishamaliza kukamatisha dhahabu kwa zebaki kwenye karai, hukamua donge la mchanganyiko huo kwa kitambaa, akaliweka juu ya kipande cha bati kwenye jiko la mkaa, na mvua ikinyesha huliingiza jiko hilo ndani, wajukuu wakiwa wameketi kando wakisubiri ugali. Karibu nusu ya uzito wa donge lile ni zebaki. Linapoacha weupe wa fedha na kuanza kuwa la manjano, watu hufurahi kwa kuwa dhahabu imeonekana, ilhali nusu ile nyingine imeshakwenda kwenye mapafu yao, kwenye kuta na kwenye nguo zilizotundikwa, ambako itaendelea kutoa mvuke kwa siku nyingi. Ndiyo maana huwakuta na sumu mwilini akina mama ambao hawajawahi kuigusa zebaki hata kwa kidole.

Na hilo la kutokufa nalo linanikera, kwa sababu kifo si dalili ya kwanza. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hukatika, mtu aliyekuwa mpole huwa mwepisi wa hasira, kumbukumbu hupungua, fizi huvimba na figo hudhurika. Ninapompa mzee kalamu atie sahihi fomu ya ridhaa, mara nyingi jina lake hutoka kama limeandikwa ndani ya gari linalopita kwenye makorongo. Yeye husema ni uzee, na jamaa zake hunong'ona kwamba amelogwa. Kipimo cha mkojo hakina ushirikina. Kwa kuwa mwili huchukua takriban miezi miwili kupunguza nusu ya zebaki iliyomo, anayeacha kuvuta mvuke mapema hupata nafuu, na anayechelewa hubaki na mtetemeko wake.

Ushauri wangu nitaurudia hadi mnichoke: tumieni retoti. Ni chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke ili zebaki irudi kuwa majimaji na itumike tena. Kinachofungwa vizuri huokoa sehemu kubwa ya zebaki mliyoinunua kwa fedha zenu. Mdomo wa bomba usizamishwe ndani ya maji, kwa maana chombo kikipoa kitayavuta na kinaweza kulipuka. Na hata retoti isikae ndani ya nyumba.

Maziwa, ambayo kila mwalo una imani nayo, hayatoi zebaki mwilini. Ni chakula kizuri. Kunyweni kwa sababu hiyo.

Wengine wameacha kula samaki wa Ziwa Victoria wakidhani wote wana sumu, na wengine husema kuchemsha kunatosha kuiondoa. Wote wamekosea. Vijidudu vya kwenye tope huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo huongezeka kadiri samaki mkubwa anavyokula wadogo, na haiondoki kwa moto wala kwa ndimu. Hayo ndiyo yaliyowapata watu wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 na kiwanda kikaendelea kumwaga taka baharini hadi mwaka 1968. Hata hivyo, samaki wengi waliopimwa katika ziwa letu wamekuwa chini ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo, na dagaa, kwa udogo wao, ndio wa kuhofiwa kidogo zaidi.

Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki uliopitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika Agosti 2017 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, haukuja kuwafukuza wachimbaji wadogo kama inavyovumishwa. Unazitaka nchi zipunguze zebaki katika uchenjuaji na, inapowezekana, ziiondoe, zikianza kukomesha mambo mabaya zaidi: kuchoma donge bila chombo, kuchoma kwenye makazi ya watu, kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, na kutia sainaidi, kemikali nyingine ya kutolea dhahabu, kwenye marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa) ambayo bado yana zebaki.

Wanunuzi wa dhahabu mjini nao hujitetea kwamba wao hawachomi zebaki, wanayeyusha dhahabu tu. Dhahabu inayotoka mwaloni ikiwa na vitundu kama sifongo bado hubakiza asilimia kadhaa ya zebaki. Duka moja nililoliingia lilikuwa na feni inayotoa mvuke huo nje, ikiuelekeza moja kwa moja kwenye meza ya mama ntilie.