Je, kesi ya haki za kiraia ikifunguliwa mahakama isiyo yake hufa palepale?

Marekani ina wilaya 94 za mahakama za shirikisho. California peke yake ina nne. Sasa chukua mfungwa anayedai kwamba alinyimwa matibabu akiwa gereza la Pelican Bay, kaskazini kabisa mwa jimbo hilo. Baadaye anahamishiwa Corcoran, na akiwa huko anaandika madai yake kwa mkono na kuyatuma kwenye mahakama iliyo karibu naye, Fresno. Amekosea. Fresno iko Wilaya ya Mashariki, na Pelican Bay iko Wilaya ya Kaskazini. Sheria haiangalii mdai analala wapi leo. Inaangalia wadaiwa wanaishi wapi, au sehemu kubwa ya mambo yanayolalamikiwa ilitokea wapi.

Hata hivyo kesi yake haijafa. Sheria ya shirikisho inampa jaji njia mbili: kuifuta, au kuihamishia wilaya inakostahili iwapo haki inataka hivyo. Kwa mtu asiye na wakili, tofauti ya njia hizo ni kubwa mno, na sababu yake ni muda.

Kesi nyingi za aina hii hufunguliwa chini ya Kifungu namba 1983 cha sheria za shirikisho, kinachomruhusu mtu kuwashtaki maofisa wa jimbo waliokiuka haki zake za kikatiba. Kifungu hicho kina asili yake katika sheria ya mwaka 1871 iliyotungwa kukabiliana na ugaidi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi. Hakitaji ukomo wa muda wa kufungua kesi, hivyo mahakama huazima ule wa jimbo husika kwa madai ya majeraha ya mwili. California ni miaka 2, New York 3. Tennessee na Kentucky ni mwaka 1 tu! Jaji akiifuta kesi baada ya muda huo kupita, mdai akienda kuifungua upya kwenye mahakama sahihi anaweza kuambiwa amechelewa. Ikihamishwa, tarehe ya kwanza ya kufungua inabaki ileile. Mwaka 1962, katika shauri la Goldlawr dhidi ya Heiman, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kesi ihamishwe hata pale mahakama ya kwanza isipokuwa na mamlaka juu ya wadaiwa, ili mtu asipoteze haki yake kwa kukisia vibaya. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa haki kabisa.

Mdaiwa naye ana wajibu. Asipopinga wilaya mapema, katika majibu yake ya kwanza, anapoteza nafasi ya kupinga na kesi inaendelea hapohapo.

Lakini yapo makosa ambayo uhamisho hauyatibu. Ukiiomba mahakama ya wilaya ya shirikisho itengue hukumu ya mahakama ya jimbo, itakataa, kwa kuwa hiyo si kazi yake, wala haina uwezo wa kulipeleka jalada lako kwenye mahakama ya jimbo. Hapo kesi inafutwa, na saa ya ukomo inaweza kuwa inaendelea kukimbia.

Amri ya uhamisho kwa kawaida ni fupi, kurasa chache tu. Jalada likifika wilaya mpya hupewa namba mpya, na kuanzia siku hiyo kila karatasi, hata taarifa ya kubadili anwani, inapaswa kwenda kwenye masjala ya huko ikiwa na namba hiyo.