Iran ipigwe au izungumziwe? Kabla hujajibu, uliza nani atahesabu kilo

Tangu Juni 2025, Israel na Marekani zilipoipiga Iran, simu zinazoingia kwenye kitengo chetu zimebadilika kabisa. Zamani mtu alikuwa anauliza leseni ya mashine ya eksirei, au kibali cha kuingiza chanzo cha mionzi cha hospitali, basi. Sasa anapiga anasema wewe si mtaalamu wa nyuklia, tuambie Iran ipigwe au iachwe? Na kwenye magrupu ya WhatsApp kuna kura zinazunguka, bonyeza moja wapigwe, bonyeza mbili wazungumze, alafu mtu anachukua matokeo yake anakuja nayo kwetu tuyathibitishe. Jamani.

Ofisi haina upande kwenye siasa za hiyo mambo, hilo liwe wazi na msije mkatulisha maneno. Tunachoweza kusema ni upande wa ukaguzi, maana ndo kazi yetu ya kila siku, na kusema ukweli ndo upande ambao kwenye mijadala yote hii haupo.

Tuanze na hayo maoni yenyewe. Julai 2015, siku chache tu baada ya makubaliano ya Vienna ya tarehe 14 kuhusu nyuklia ya Iran, Washington Post na ABC waliwauliza Wamarekani wakiwa wamewaeleza kwanza mpango wenyewe, kwamba vikwazo vitalegezwa na Iran itabanwa ili isitengeneze silaha. 56% wakaunga mkono, 37% wakapinga. Siku hizohizo Pew, taasisi ya utafiti wa maoni, nao wakauliza, ila bila kueleza ndani ya mkataba kuna nini, na kati ya waliokuwa wamesikia habari zake 38% walikubali na 48% walikataa. Nchi ileile, mkataba uleule. Septemba Pew wakauliza tena, na kati ya watu wote waliokubali wameshuka kutoka 33% hadi 21%. Sasa wewe unayeniletea skrinishoti ya kura ya grupu, sijui unategemea nini.

Nenda 2025. Mwezi Mei Chuo Kikuu cha Maryland kiliuliza, 69% wakataka makubaliano yenye ukaguzi, 14% wakataka hatua za kijeshi. Katikati ya Juni, Israel imeshaanza kupiga tangu tarehe 13, YouGov na Economist wakauliza kama jeshi la Marekani liingie: 16% liingie, 60% lisiingie. Tarehe 22 Marekani ikapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan, na ndani ya siku mbili hivi Reuters na Ipsos wakapata 36% wanaunga mkono na 45% wanapinga, CNN wakapata 44% wanaunga mkono na 56% wanapinga. Maswali hayafanani, kwa hiyo usiyaweke kwenye mstari mmoja ukasema ni kitu kimoja kinapanda. Lakini nadhani unaona kuna watu wamehama, na hawakuhama kwa sababu wamesoma ripoti yoyote ya wakaguzi, wamehama kwa sababu kitu kimeshafanyika na rais ni wa chama chao. Machi 2003 vita vya Iraq vilipoanza Gallup ilipata 72% wanaviunga mkono, wakati tarehe 7 mwezi huohuo Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, yaani IAEA, alishaliambia Baraza la Usalama kwamba hawajaona ushahidi wa Iraq kufufua mpango wa nyuklia. Asilimia 72 haikuzalisha hata gramu moja ya kitu ambacho hakikuwepo.

Huko Israel kwenyewe Wayahudi wengi waliunga mkono shambulio, na raia Waarabu wa nchi hiyohiyo wengi hawakuunga. Na Wairani wamekuwa wakiuliziwa kwa simu miaka mingi, wengi wanapenda nyuklia ya amani. Kwa hiyo ukisikia "dunia inataka" uliza dunia ipi.

Haya, sasa kilo za urani.

Asilimia ya urani siyo asilimia ya bomu. Hili nimechoka kulirudia. Urani inayochimbwa ardhini ina takriban 0.7% ya ile aina inayotakiwa, U-235. Kinu cha umeme kinatumia kama 3 hadi 5. Silaha kwa kawaida ni karibu 90. Iran ilifika 60 Aprili 2021, na 60 siyo bomu, ila kazi kubwa ya kurutubisha, yaani kuongeza hiyo U-235, inakuwa imeshafanyika, iliyobaki ni ndogo. Kwa kipimo cha wakaguzi, kama kilo 42 za 60% zikirutubishwa zaidi zinaweza kinadharia kutosha silaha moja. Na hesabu ya IAEA mpaka tarehe 13 Juni 2025 ilikuwa kilo 440.9. Gawanya mwenyewe.

Hizo 440.9 zilipatikanaje? Siyo kwa setilaiti kama watu wanavyodhani. Nchi inatoa taarifa ya kila kundi la malighafi, imeingia lini, imetoka lini, uzito gani. Mkaguzi anakuja analinganisha daftari na mzigo, anapima uzito, anachukua sampuli, anafuta vumbi kwenye kuta na mashine kwa vitambaa maalumu ambavyo vinapelekwa maabara ya Seibersdorf nje ya Vienna, na punje ndogo sana ambayo jicho halioni inaweza kueleza hapo palirutubishwa kiasi gani. Kisha anaweka lakiri, na kamera zinabaki zinarekodi akiondoka. Nchi yenye Itifaki ya Nyongeza, yaani makubaliano ya ziada ya ukaguzi na IAEA, inaongeza tena: mkaguzi anaweza kuomba kuingia sehemu nyingine kwa notisi ya saa 24, na kama tayari yuko ndani ya eneo hilo kwa ukaguzi inaweza kuwa saa 2 tu au pungufu. Lakiri ikikatwa inaandikwa. Kamera ikizimwa inaandikwa. Hesabu isipolingana nchi inaulizwa, majibu yasiporidhisha mkurugenzi mkuu anapeleka kwa Bodi ya Magavana, Bodi ikiona kuna ukiukaji chini ya kifungu cha 12 cha katiba ya shirika inaripoti kwa wanachama wote, kwa Baraza la Usalama na kwa Baraza Kuu, inaweza pia kusimamisha misaada na kudai vifaa virudishwe. IAEA haina polisi, haina bunduki, wanaouliza kwa nini "hawakuwakamata" waelewe hivyo.

Ndiyo maana tunasema diplomasia siyo kunywa chai hotelini. Chini ya makubaliano yale ya Vienna, kuanzia Januari 2016 Iran ilibanwa isizidi 3.67%, isizidi kilo 300 za urani iliyorutubishwa, mashine za kurutubishia pale Natanz zibaki 5,060 za aina ya zamani, Fordow isirutubishe kabisa, na wakaguzi wakawa wanathibitisha ripoti baada ya ripoti. Marekani ikajitoa kwenye makubaliano hayo 8 Mei 2018. Mwaka uliofuata Iran ikaanza kuvuka mipaka, Februari 2021 ikaacha kutekeleza Itifaki ya Nyongeza, Juni 2022 kamera nyingi zikaondolewa. Wanaosema mazungumzo hayakuzaa kitu wasome hizo tarehe kwa mpangilio wake.

Lakini na upande wa pili msijidanganye. Iran haijawahi kutoa maelezo ya kuridhisha kuhusu chembe za urani zilizokutwa sehemu ambazo haikuzitangaza, kama Turquzabad na Varamin, na Bodi ililisema hilo rasmi 12 Juni 2025, kura 19 ziliunga, 3 zilipinga, 11 hazikuegemea popote. Kesho yake mabomu yakaanza. Wenye ndugu Maskati mnakumbuka, raundi ya sita ya mazungumzo ya Iran na Marekani ilipangwa kufanyika hukohuko tarehe 15, Oman ikiwa msuluhishi. Haikufanyika.

Sasa nguvu imefanya nini kwenye hesabu? Majengo yameumia, mashine zimeumia, hilo halina ubishi. Ila stoo ya duka ikiungua na daftari ndani yake, mwenye duka hawezi tena kukwambia mifuko ya sukari iko mingapi, na wewe huwezi kusema imekwisha. Mwanzoni mwa Julai Iran ikasaini sheria ya kusimamisha ushirikiano na IAEA. Septemba wakakubaliana Cairo namna ya kurudi, hata hayo nayo yakayumba vikwazo viliporudi. Kilo zile 440.9 ndo takwimu ya mwisho tuliyo nayo, ni namba ya siku ya kwanza ya vita. Mtu anayekwambia "zimekwisha" na anayekwambia "zipo zote salama" hao wote wawili wanakisia.

Kuhusu hivyo vikwazo, maana wafanyabiashara nao wanapiga. Uingereza, Ufaransa na Ujerumani walipeleka barua Baraza la Usalama 28 Agosti 2025, kwamba Iran haitekelezi makubaliano ya 2015. Hapo siku 30 zinaanza kuhesabiwa, na kinachopigiwa kura siyo kurudisha vikwazo, ni kuendelea kuviondoa, kwa hiyo mwenye kura ya turufu anayetaka virudi ndiye mwenye nguvu, Urusi na China haziwezi kuzuia. Waliotaka viendelee kuondolewa walipata kura 4 tu, na usiku wa kuamkia 28 Septemba maazimio 6 ya zamani, kuanzia lile la 2006 mpaka la 2010, yakarudi: silaha, makombora, mali kuzuiwa, ukaguzi wa mizigo. Kwa kifungu cha 25 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wanachama wanatakiwa kutekeleza. Urusi na China zinasema hazitambui, hilo ni lao. Benki yako ikikuuliza nyaraka za mzigo uliotoka Iran usiende kugombana na karani, peleka nyaraka.

Na mionzi, hapana, haikufika huku. IAEA ilisema baada ya mashambulio hakuna ongezeko la mionzi lililoripotiwa nje ya maeneo yale. Zile sauti za "msile samaki" zifuteni kwenye simu zenu.

Swali la mwisho linalonikera ni hili la "Iran imeshajitoa NPT". Kujitoa kwenye Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia kuna utaratibu, kifungu cha 10: nchi inatoa notisi ya miezi mitatu kwa wanachama wenzake wote na kwa Baraza la Usalama, na inaeleza ni matukio gani yasiyo ya kawaida yamehatarisha maslahi yake makuu. Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa 2003 na mpaka leo watu wanabishana kama ilifuata utaratibu. Wabunge wa Tehran wamezungumza sana kuhusu kujitoa, ila notisi naandika hapa haijatolewa, na mkataba huo haukatazi kurutubisha kwa amani, unataka tu kila kilo ijulikane iko wapi. Anayekutumia meseji kwamba wameshatoka mwambie aoneshe barua.