Je, wajua kwa nini pombe ya cheri ya Waitalia haina wekundu hata kidogo?

Ukisikia pombe ya cheri unategemea kitu chekundu kama Vimto, si ndio? Sasa fungua chupa ya maraschino umimine, kinachotoka ni cheupe kama maji. Wa kwanza kuiona hudhani kauziwa feki. (Na Waitalia wanatamka "maraskino", sio "marashino", hiyo ya pili ni ya Wamarekani.)

Jibu ni moto tu. Waliowahi kuona gongo au chang'aa ikipikwa wanajua, mtungini kuna uji wa kahawia usiotamanika lakini kwenye mrija kinadondoka kitu kisafi kabisa, maana mvuke unabeba kileo na harufu, rangi inabaki chini. Maraschino ni hivyohivyo. Wanachukua cheri ndogo chungu ziitwazo marasca, wanaziloweka kwenye spiriti pamoja na kokwa, vikonyo na hata majani, halafu ndio wanachemsha kwenye mitambo ya shaba na kukusanya mvuke. Kinachopatikana, Luxardo (kampuni maarufu inayoitengeneza) wanakilaza kama miaka 2 kwenye mapipa ya mti wa frassino, na hapo ndipo penye ujanja, mti huo hautoi rangi kama mwaloni unavyofanya kwa wiski, kwa hiyo kinaingia cheupe kinatoka cheupe, mwisho wanatia sukari. Kileo ni asilimia 32, usidanganyike na utamu.

Na ladha sasa, usitegemee juisi ya cheri. Kokwa zinaleta harufu ya lozi, kuna uchungu kwa mbali na kama majani majani hivi, mimi naona ndio raha yenyewe.

Historia yake nayo ina msukosuko. Girolamo Luxardo, mtu wa Genova, alifungua kiwanda 1821 mji wa Zara, ambao leo ni Zadar kule Kroatia, baada ya mkewe Maria Canevari kuwa anaitengeneza nyumbani. Vita ya pili ya dunia mji ukapigwa mabomu vibaya, kiwanda kikaenda na maji, ndipo Giorgio Luxardo akaanza upya 1947 Torreglia, karibu na Padova. Chupa bado inavalishwa majani makavu yaliyosukwa, zamani ilikuwa kuikinga isivunjike melini.

Kuinywa? Watu wengine wanaonja kavu baada ya chakula, ila mimi naona inakaa vizuri zaidi kwenye mchanganyiko. Hemingway Daiquiri ni ramu nyeupe, ndimu, balungi na maraschino kidogo. Last Word ni rahisi kukariri, gin, Chartreuse ya kijani (pombe ya mitishamba ya Wafaransa), maraschino na ndimu, vyote kipimo sawa. Kwingine shika mkono, kijiko kimoja cha chai kinatosha, ukizidisha inameza kila kitu. Waitalia pia wanainyunyizia kwenye saladi ya matunda wanayoita macedonia, au juu ya aiskrimu.

Halafu zile cheri nyekundu za kung'aa juu ya keki, zinaitwa maraschino pia lakini nyingi hazijawahi hata kunusa pombe hii, zinatolewa rangi yake ya asili kwa dawa kisha zinapakwa nyingine ya kiwandani.