Je, wajua kwa nini mlango wa supamaketi hulia hata kama umeshalipa?

Umelipa, risiti iko mkononi, na bado zile nguzo mbili za mlangoni zinapiga kelele. Watu hudhani keshia aliposoma msimbopau, kompyuta ilipaswa kuziarifu nguzo kwamba bidhaa imelipiwa, na kwamba taarifa hiyo imekwama njiani.

Hakuna taarifa ya namna hiyo. Msimbopau husomwa kwa mwanga, na kazi yake ni kuiambia kompyuta hii ni bidhaa gani ili bei ipatikane. Kibandiko cha usalama ni kitu kingine kabisa. Hakina betri wala kumbukumbu. Kilichobandikwa kwenye nyembe na kile cha kopo la maziwa ya mtoto hutoa jibu lilelile, kwa hiyo nguzo hazijui hata ni bidhaa ipi iliyopita; ndiyo maana mlinzi hulazimika kupekua mfuko mzima. Yapo maduka, hasa ya nguo, yanayotumia vibandiko vyenye namba ya kila bidhaa, na huko mfumo unaweza kulinganisha namba hiyo na mauzo. Lakini kile kijiplastiki cheupe chenye urefu wa sentimita 4 na nusu hivi hakina uwezo huo.

Teknolojia ya kulinda bidhaa kwa vibandiko na vifaa vya mlangoni ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1960, Arthur Minasy akiwa miongoni mwa waanzilishi wake. Kinachostahili kutazamwa kwa utulivu ni kilichomo ndani ya kijiplastiki hicho. Mna utepe wa aloi ya chuma na nikeli, mwembamba kuliko unywele, umelala huru bila gundi. Pembeni yake kuna kipande kingine cha metali chenye usumaku kidogo.

Fikiria udi wa taarabu uliotundikwa ukutani. Mtu akiimba karibu yake sauti inayolingana na uzi mmojawapo, uzi huo huitikia wenyewe, na akinyamaza huendelea kuvuma kitambo. Utepe ndio uzi. Kile kipande chenye usumaku ndicho kigingi kinachoukaza hadi ufikie mitetemo 58,000 kwa sekunde, juu mno kwa sikio la binadamu. Nguzo huimba sauti hiyo kwa vipindi vifupi sana, kwa nguvu za sumaku, kisha hunyamaza na kusikiliza. Ukimya huo ndio uhai wa mtambo mzima: kama nguzo zingesikiliza huku zinaimba, zingejisikia zenyewe tu. Kitu kikiendelea kuvuma baada ya wimbo kukatika, king'ora hulia.

Sasa kaunta. Juu yake au ndani yake mna kifaa kinachotoa nguvu ya sumaku inayogeukageuka huku ikififia, na kile kipande hupoteza usumaku wake. Kigingi kimelegea. Utepe upo mzima, ila wimbo wa nguzo hauuamshi tena. Keshia akisoma bei bila kibandiko kupita vizuri karibu na kifaa hicho, umelipa kihalali lakini uzi bado umekazwa. King'ora kitalia hapo, na kinaweza kulia pia kwenye duka jingine lenye nguzo za aina hiyo.

Vibandiko vya karatasi vyenye mizunguko ya foili hutumia mawimbi ya redio ya megahezi 8.2, na vyenyewe huharibiwa kweli: kaunta hutoboa tabaka jembamba linalohami umeme ndani yake. Vile vigumu vya kwenye nguo havizimwi, hufunguliwa na kurudishwa kazini.

Kwenye vitabu vya maktaba nyingi mambo huwa kinyume. Uzi wa metali uliofichwa kitabuni hunyamazishwa kwa kutiwa usumaku wakati wa kuazimwa, na kitabu kikirudishwa mkutubi huuondoa usumaku huo ili uzi uweze kuitikia tena.